Watoto Watatu, Ofisi Tatu

Sipendi mikutano. Wajukuu wangu wanajua. Wakiniambia kuna kikao cha ukoo, cha kanisa au cha shule, mimi huuliza kwanza ni nani atakayefanya kazi kikao kikiisha. Hucheka wakasema nyanya ana ulimi. Ni kweli, ninao, na niliunoa Nakuru miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mwenye viatu vya raba na kazi ya halmashauri ya mji, nikilipwa kuwasaidia watu wenye shida. Kazi yenyewe niliipenda. Kilichonichoma roho ni siku ya Alhamisi.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulikutana katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa lokesheni, yaani mtaa wa Waafrika. Mkutano huo uliitwa Kamati ya Kesi. Mwenyekiti alikuwa memsabu wa ustawi, mwanamke mrefu wa Kizungu aliyekuja na biskuti zake kwenye kikapu. Karibu naye alikaa padri wa misheni, kisha matroni wa hospitali, Mzungu vilevile, kisha karani wa ustawi wa wafanyakazi wa reli. Karani huyo alikuwa Mwafrika mwenzangu, mtu wa tai na leso ya mfukoni, na kwetu na kwao ni kijito tu kilichotutenganisha. Mimi nilikaa mwishoni, kwenye benchi. Wao walinywea chai katika vikombe vya udongo vya Kizungu, karani akiwamo. Mimi nilipewa kikombe cha bati. Sikujali kikombe, chai ni chai, lakini nilimwona karani jinsi alivyokishika chake kwa vidole viwili, na nilimchukia kwa hilo kabla hajanipa sababu nyingine.

Nisiwasingizie. Kamati haikuanzishwa kwa ubaya. Kabla yake mtu mwenye shida alizungushwa mji mzima kwa miguu: hospitali ikamtuma misheni, misheni ikamtuma halmashauri, halmashauri ikamrudisha hospitali, mpaka akachoka akaenda kulala na shida yake. Ndipo wakubwa wakakubaliana kukaa meza moja. Kesi ilisomwa, na kila ofisi ikasema itachukua sehemu gani. Nakumbuka mzee aliyekatwa mguu kwa msumeno wa mbao kule Molo. Hospitali ikampa magongo, misheni ikampa blanketi, halmashauri ikampa kibanda cha kushonea viatu sokoni. Kwa mzee mmoja mwenye shida tatu, mpango ule ulifaa kabisa. Mambo yaliharibika walipoletewa shida moja yenye watoto watatu ndani yake.

Mama yao alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa yadi ya reli, kazi yake kuunganisha mabehewa, na siku moja ya mvua alibanwa katikati ya mawili. Alimwachia mkewe msichana aliyekwisha kuweza kubeba ndoo ya maji kichwani, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza meno ya mbele ya utotoni yanamng'oka, na mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Mama akaanza kukohoa. Kwanza watu walisema ni majonzi. Kisha ikaonekana ni kifua kikuu, na siku zile maana yake ilikuwa moja: kulazwa miezi na miezi kwenye wodi ya pembeni, sindano kila siku, kitanda kwenye veranda ili upate hewa, hata kama hewa yenyewe ni ile ya Nakuru ya mwezi wa saba inayokata masikio. Watoto hawakuruhusiwa kuingia humo kamwe.

Nilikwenda kumwona siku aliyokuwa akifunga vitu vyake. Aliishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile tulizoziita landhi, mstari mrefu wa vyumba vilivyopakana, na mfereji mmoja wa maji, bomba la wote, mwishoni. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la bati, mtoto yuko kifuani kwa jirani yake, maana daktari alikuwa amemkataza kunyonyesha.

“Dada,” akaniambia, “mimi siombi nguo, siombi unga. Hawa watatu wakae pamoja. Na huyu mdogo asiache kuniona. Akiacha kuniona, nitapona niende kwa nani?”

Nikamwambia mpango upo tayari, na haukuwa mpango wangu. Ulikuwa wa wanawake wa mstari ule.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo. Miaka miwili mitatu kabla ya hapo, Hali ya Hatari ilipopamba moto, malori yalikuja landhi asubuhi kuwabeba Wakikuyu na kuwarudisha reserve, maeneo waliyotengewa na serikali. Yaliwabeba wanaume kwenye yadi na wanawake sokoni, na watoto wakabaki nyumbani na sufuria motoni. Wanawake waliosalia, wa kutoka magharibi na wa kutoka ziwani na Wakalenjin wawili watatu, hawakungoja kuambiwa na mtu. Waliwachukua wale watoto, na hapo hapo, pale mferejini, wakagawana kazi. Tangu siku hiyo wakawa na desturi yao. Anayepika hafui. Anayefua halazi. Watoto wa nyumba moja hulala nyumba moja, kila siku ile ile, wasitawanywe. Na anayekemea ni mmoja tu, ili mtoto ajue wa kumwogopa. Nilipowauliza kwa nini kazi ya kulaza haizunguki kama ya kupika, mke wa mchochea moto wa injini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupigia gwaride, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yana unyevu.

“Wewe mtoto akiamka na ndoto mbaya, atajua aite nani?” akasema.

Basi mjane alipolazwa, watoto wake watatu walilala kwa mke wa mchochea moto, wakala kwa zamu, wakafuliwa na mwanamke wa mwisho wa mstari. Kila Jumapili baada ya kanisa walipelekwa hospitalini mpaka kwenye ua wa michongoma. Mama alisimama kwenye veranda, wao wakasimama upande wa barabara, na mdogo akanyanyuliwa juu kabisa ili amwone. Mama alimwita, mtoto akapiga makofi. Niliwasindikiza mara kadhaa. Sijaona ofisi yoyote, kabla wala baada, iliyofanya kazi vizuri hivyo.

Baada ya majuma machache, Alhamisi moja, nikalipeleka jambo hilo kwenye kamati. Sikwenda kuomba chochote ila kitu kimoja: reli iwaruhusu wale watoto kulala landhi, maana sheria ilisema asiye mke wala mtoto wa mfanyakazi hana ruhusa ya kulala humo, na askari walikuja kukagua alfajiri bila kubisha hodi.

Karani akaweka kikombe chini polepole.

“Hao wanawake si ndugu zake,” akasema. “Hata kabila si moja.”

“Lakini watoto wanakula,” nikasema. “Wanalala. Wanaoga.”

“Leo. Kesho mmoja akihamishwa Kisumu? Hakuna mwenye dhamana. Nyumba ni za kazi, dada yangu, si za huruma.”

Aliniita dada yangu. Nilitamani kumrushia biskuti.

Padri alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni kwamba moyo wa akina mama wale ulikuwa wa kupongezwa, lakini kulikuwa na nafasi katika bweni la wasichana la misheni, upande wa Molo, na ingekuwa dhambi kuiacha ipotee. Kwa hiyo misheni ingemchukua msichana. Karani, ambaye hakutaka reli ionekane imekaa bure, akasema reli inaweza kutoa tiketi ya bure ya kumpeleka mvulana kwao magharibi, kwa ndugu wa baba yake. Matroni akasema ana rafiki mwenye nyumba ya kulelea watoto wachanga kwenye shamba kule Naivasha, watu safi, maziwa tele. Yeye angempeleka yule mdogo.

Nikasimama. Benchi likaanguka nyuma yangu.

“Memsabu, mama yao ameomba kitu kimoja tu. Wakae pamoja.”

“Hapana,” akasema memsabu, kwa ile Swahili yao ya kuamrishia wapishi. “Watoto tatu mzigo kubwa sana kwa ofisi moja. Sisi nagawa. Kila mtu nachukua kidogo. Hii ndiyo kazi ya pamoja.”

Na wakafurahi. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Walitazamana kwa furaha kabisa, kama watu waliogawana nyama ya sherehe na kila mmoja akapata fungu lake bila ugomvi. Hawakuwa watu katili. Padri yule alikuwa akitoa koti lake mwenyewe akimwona mtu anatetemeka. Lakini walivyokaa pale walikuwa wakipimiana mzigo wao, usimwelemee mmoja wao, na hakuna aliyekuwa akiwatazama watoto. Wakauliza nani atamweleza mama. Matroni akasema hilo litafanyika. Memsabu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaambiwa niende Njoro wiki ile ile nikafundishe wanawake wa mashambani usafi wa visima.

Nilirudi Jumapili jioni nimejaa vumbi, nikakuta watoto wamekwisha kuchukuliwa, na wanawake wa landhi wameshindwa kwenda hospitalini mikono mitupu. Jumatatu asubuhi nikaenda wodini.

Mjane alikuwa amelala amegeukia ukuta. Muuguzi, msichana wa rika langu, akanivuta pembeni. Akaniambia jana yake mama yule alisimama kwenye veranda tangu kengele ya kanisa, akingoja watoto waje uani. Hawakuja. Alikataa kula, akakataa kukaa. Alisimama mpaka miguu ikamwishia, wakamrudisha kitandani kwa kumbeba. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakuna pale wodini aliyejua kitu.

Nilikaa kwenye kitanda chake. Akanigeukia.

“Niambie tu,” akasema. “Nimeshalia. Walikufa kwa nini, wote pamoja?”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimezika mume na watoto wawili. Bado sijui kitu kilichonikasirisha kuliko swali lile. Mama alikuwa amewazika watoto wake usiku mzima kichwani mwake, huku watu wanne wenye kalamu na vikombe vya udongo wakijua mahali kila mmoja alipo.

Nikamweleza. Msichana Molo, mvulana magharibi, mdogo Naivasha. Kwanza alifurahi, akanishika mikono, wapo hai, wapo hai. Kisha akaanza kuelewa. Akatoa miguu kitandani, akatafuta leso yake ya kujifunga.

“Nakwenda,” akasema.

“Ukitoka leo utakufa kabla ya Krismasi,” nikamwambia, na sikulainisha neno. “Ukifa, watoto watakuwa wa hizo ofisi kabisa. Hakuna atakayewadai tena. Kaa hapa upone uwadai.”

Akarudisha miguu kitandani. Hakuniambia asante, na sikuitaka.

Nilitoka pale nikiwa natembea kama mtu anayekwenda kupigana. Nikamkuta matroni ofisini kwake. Akasema kweli alisema litafanyika, lakini alidhani memsabu wa ustawi ndiye atakayelifanya, kwani ni habari za familia, si za tiba. Memsabu akasema alidhani padri, maana padri hupita wodini Jumamosi kusali na wagonjwa. Padri akashika kichwa, akasema alipita, akamwona mama ana furaha, akadhani ameshaelezwa. Karani alisema yeye kazi yake ilikuwa tiketi, na tiketi ilitoka bila kasoro. Kila mmoja alisikitika kwa dhati. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Basi nikafanya kosa la kuamini kwamba watu wanaosikitika watarekebisha. Nikaanza kuomba watoto warudishwe landhi. Na hapo nikagundua jinsi kamati ile ilivyokuwa imejengwa: kuingia ni rahisi, kutoka hakuna mlango. Nilimwendea padri, akasema, “Binti yangu, mimi binafsi sina neno. Lakini tuliamua pamoja. Siwezi kuvunja peke yangu.” Nikamwendea karani, akasema yeye binafsi hana neno. Matroni naye hakuwa na neno. Sijawahi kuona watu wasio na neno kama wale. Wakaniambia nilipeleke mkutanoni. Nikalipeleka. Alhamisi ya kwanza padri yuko kwenye kipaimara. Ya pili matroni yuko likizo. Ya tatu karani ana wakubwa wake kutoka Nairobi. Na memsabu kila mara akafunga jambo kwa upole, akasema haiwezekani kuamua mambo ya pamoja wakati mmoja hayupo, halafu akanisogezea sahani ya biskuti. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi moja nilijua mapema kwamba watakuwapo wote. Sikumwambia memsabu, lakini niliwaambia wanawake wa landhi. Ukumbi ule ule Alhamisi ile ile ulikuwa na darasa la kufuma sweta upande wa mbele, na wao walikuwa wanachama. Padri alipokuwa anafungua mkutano kwa sala, mlango wa katikati ukafunguliwa, wakaingia na sindano zao za kufumia na mipira ya sufi, wakasimama ukutani. Chumba kikajaa harufu ya moshi wa makaa na mafuta ya nazi.

Mke wa mchochea moto hakungoja kukaribishwa.

“Memsabu, sisi tumekuja juu ya watoto yetu.”

“Hii mkutano ya ofisi,” memsabu akasema.

“Tunajua. Sisi pia tuko na mkutano yetu, pale mferejini. Ya kwetu inaisha na watoto wamekula.” Wenzake wakaguna. “Tunataka kujua kitu moja tu. Mama yao akitoka hospitali, atawachukua kwa nani?”

Padri akamtazama memsabu. Memsabu akamtazama matroni. Karani akarekebisha tai.

“Atakuja kwa kamati,” hatimaye memsabu akasema.

“Yote watatu kwa kamati?”

“Hapana. Kila moja kwa ofisi yake. Kisha kamati naangalia.”

Wanawake hawakupiga kelele. Ningefurahi kama wangepiga. Mke wa mchochea moto akasema, “Haya,” na wakatoka kwa mpangilio kama walivyoingia. Memsabu aliwashukuru kwa maoni yao. Karani akanilaumu kwa sauti ya chini kwamba nimeaibisha ofisi mbele ya wanawake wa mferejini. Nikamjibu kwa lugha ya kwetu, na sitaandika nilichomjibu.

Nilidhani wameshindwa. Sikuwajua vizuri. Mume wa mmoja wao alikuwa gadi, msimamizi wa treni ya kwenda magharibi. Haukupita mwezi, mvulana akashuka Nakuru kutoka kwenye behewa la gadi, amevaa kaptura mpya, na kuku wa baba yake mdogo chini ya kwapa. Yule ndugu wa baba hakuwa amemzuia mtoto. Alisema alimwona tu mtoto ameshushwa stesheni na kipande cha karatasi, hakuna aliyemwuliza kama ana nafasi, na angependa sana kujua nani anamfanyia mambo hayo. Shule zilipofungwa, mke wa mchochea moto akapanda lori la viazi mpaka misheni, akasema yeye ni shangazi, akamchukua msichana kwa likizo. Likizo ile haikuisha. Padri alijua, nina hakika alijua, maana alinipita barabarani akaangalia viatu vyake. Namshukuru kwa kuangalia viatu. Watoto wawili wakalala tena mahali pao, na askari wa ukaguzi wakipita alfajiri, watoto walirushwa kwa dirisha la nyuma hadi kwa jirani, kisha kwa jirani mwingine, mpaka askari wakafika mwisho wa mstari bila kuona mtu.

Yule mdogo ndiye aliyebaki. Naivasha hakukuwa na gadi wala shangazi. Nyumba ile ilikuwa ndani ya shamba la Wazungu, na getini kulikuwa na mlinzi mwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Nilikwenda mara mbili kwa pesa zangu. Mara zote nikaambiwa barua ya kamati iko wapi. Jumapili mama alisimama kwenye veranda akiwaona wawili upande wa pili wa michongoma, akawapungia mkono, akacheka kwa ajili yao, kisha akarudi kitandani kwake akajifunika gubigubi.

Alipona. Hilo nilitaje kwa haki, sindano zilifanya kazi na matroni alimtunza vizuri. Siku anatoka, msimu wa mvua ndefu ulikuwa umeshakuja ukapita na wa pili unakaribia. Kamati haikuhitaji hata kukutana. Mama mzima anarudi kuchukua mtoto wake, memsabu akasema, mambo yameisha vizuri, na akaandika barua ya kwenda Naivasha kwa mkono wake mwenyewe. Alhamisi hiyo kulikuwa na wageni kutoka Nairobi, na aliwasimulia kisa kile kama mfano wa ofisi zinazofanya kazi bega kwa bega. Nikaombwa niseme machache. Nikasema mtoto bado hajaja nyumbani. Wageni wakatabasamu wakidhani ni unyenyekevu.

Tulikwenda na treni ya asubuhi, mama, yule msichana mkubwa na mimi. Mama alikuwa amekopa gauni la jirani, la maua mekundu. Njia nzima alimsimulia binti yake jinsi mdogo alivyokuwa akipenda kupiga makofi. Pale getini mlinzi akaisoma barua, akatufungulia.

Mtoto alikuwa amenawiri. Sitadanganya. Alikuwa na mashavu, sweta safi, viatu vidogo vya kamba. Alikuwa anakimbia kwenye majani, akizungumza bila kituo, na hakuna neno hata moja ambalo mama yake alilielewa, kwa sababu yaya aliyemlea alikuwa mwanamke wa kabila lingine na mtoto amejifunza lugha yake. Mama alipiga magoti, akanyoosha mikono, akamwita kwa jina. Mtoto akasimama. Akamtazama yule mwanamke wa gauni jekundu, akakimbia kujificha nyuma ya yaya, akaita “Mama.” Hilo tulilielewa sote.

Yaya alilia kuliko sisi. Hakuwa na kosa. Alimpa mtoto, akampa na kikombe chake, akaingia ndani na kufunga mlango ili asisikie. Lakini alisikia, lazima alisikia, maana shamba zima lilisikia. Mtoto alipiga yowe mpaka stesheni. Alimkwaruza mama yake shingoni, akamng'ata mkono. Ndani ya treni abiria walitutazama kwa jicho baya, mzee mmoja akaniuliza kama tumemwiba. Mama alimshika tu, kwa nguvu na kwa upole, damu ikimtoka kidogo kwenye kidole. Mtoto alijipinda mbali naye kadiri alivyoweza, akapaza sauti akimwita yule mwingine.

Tulipoanza kuliona ziwa la Nakuru, akanigeukia. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika, hata siku ile ya wodini.

“Wewe ulikuwa kwa ile mkutano,” akasema. “Padri alichukua msichana. Wa reli akachukua kijana. Matroni akachukua huyu. Sasa hii ya mtoto kunikataa, nani alichukua?”

Nikaokota kiatu cha mtoto kilichokuwa kimeanguka.

“Nauliza vizuri. Kila kitu walisema iko na ofisi yake. Hii ofisi yake iko wapi?”

Treni ikasimama. Msichana mkubwa akachukua kikombe na kifurushi. Mama akashuka jukwaani, mtoto akimpiga mateke ya tumbo, akasimama pale katikati ya watu na makuli na mizigo. Hakuelekea landhi. Alikuwa ananitazama, na hakuwa anatania. Alikuwa anangoja nimwonyeshe njia.